Akina Lycaena wa Kisarawe, na madai wanayozushiwa

Ukiingia msitu wa Pugu kutokea Kisarawe mjini, saa tatu asubuhi, jua likianza kupasha magome ya miti, kipepeo wa kwanza kukutana naye huenda usimwone. Mdogo kama ukucha wa kidole gumba, ametulia kwenye ncha ya kijiti kikavu, mabawa ameyafunga. Watu wengi humpita wakiwatafuta wakubwa wenye rangi kali. Wachache wanaosimama huuliza jina, wakajibiwa: “Huyo ni Lycaenidae.” Jibu si baya. Shida huanza na maelezo yanayofuata, maana mengi yake si kweli.

Maelezo hayo nimeyasikia Kibaha kwa walimu wa sayansi, nimeyasikia Kisarawe kwa vijana wanaotembeza wageni, na nimeyasoma kwenye madaftari ya wanafunzi yakiwa yamewekewa alama ya vema. Nayajibu hapa moja baada ya jingine. Neno Lycaenidae ni neno la kazi, na kwa misitu yetu ya pwani lina kazi kubwa kuliko tunavyolipa nafasi.

“Lycaenidae maana yake ni vipepeo wa bluu”

Hapana. Ndani ya neno hili hamna bluu. Limejengwa juu ya *Lycaena*, jina la jenasi lililotolewa mwaka 1807 na Johan Christian Fabricius, Mdenmark aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus. *Lycaena* nalo linatokana na neno la Kigiriki lykaina, yaani mbwa mwitu jike. Mwaka 1815 Mwingereza William Elford Leach akaliita kundi zima kwa jina la jenasi hiyo. Mbwa mwitu anayetajwa hapa ni yule wa Ulaya na Asia, si huyu wetu mwenye mabaka wa Selous na Hifadhi ya Nyerere. Wa kwetu kisayansi ni *Lycaon pictus*, na jina lake limechota kwenye shina hilohilo la Kigiriki. Kipepeo wa kidole gumba na mnyama anayewinda swala kwa makundi wamekutana kwenye kamusi, porini hawana udugu.

Sasa kile kiishio, -idae. Wagiriki wa kale walimtaja mwana wa mtu kwa kumalizia jina la baba na -ides. Kilatini kikaazima, wingi ukawa -idae. Sisi tunayo namna yetu ya kusema jambo hilo, tena ya kila siku: akina. Akina Juma ni Juma na watu wake wote, hata wasiofanana naye sura. Lycaenidae ni akina *Lycaena*. Nikipewa dakika moja tu ya kulieleza neno hili darasani, nitasema hivyo na kuketi, kwa sababu anayeshika “akina” amekwisha kushika jambo ambalo vitabu hulizunguka kwa kurasa mbili: jina la familia linataja nasaba, halielezi sura.

Bluu imetoka wapi basi? Imetoka kwenye vitabu vya Waingereza, ambao tawi moja la familia hii, Polyommatinae, walilipa jina la rangi waliyoiona kwenye malisho ya kwao. Sisi tukatafsiri jina la tawi tukalibandika kwenye mti mzima. Hata yule ambaye familia imeitwa kwa jina lake si wa bluu. *Lycaena phlaeas*, ambaye ndiye spishi inayoshikilia jina la jenasi, ana rangi ya shaba iliyosuguliwa, yenye madoa meusi. Ukitaka kumwona Tanzania, Kisarawe hayupo. Panda Kilimanjaro, huko juu kwenye baridi.

Nenda tena kwenye shamba la kunde Mlandizi umtazame *Lampides boeticus*, ambaye kiwavi wake hutoboa maganda ya kunde na mbaazi akala mbegu ndani. Dume ana bluu ya zambarau. Jike ni wa kahawia, bluu yake ni kidogo tu karibu na kiwiliwili. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba familia hii ni ya bluu atamweka dume kwenye kundi moja na mkewe kwenye jingine. Na hiyo bluu yenyewe si rangi iliyopakwa: ni mpangilio wa magamba madogo mno ya bawa unaorudisha mwanga wa bluu machoni petu. Kipepeo akigeuka pembeni kidogo, bluu inapungua au inapotea kabisa, naye umeshamwandika vingine.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaopendekeza tuiite familia hii “vipepeo-bluu” kwa Kiswahili. *Axiocerses* ni wekundu wa kutu. *Teriomima* ni wa njano. *Pentila* ni wa rangi ya chungwa au njano, wenye vidoa vyeusi. *Lachnocnema* ni wa kahawia iliyokoza, na miguu yake ina manyoya. Wote hawa ni akina Lycaena, na hakuna hata mmoja ambaye angejiona ndani ya jina hilo.

“Limetoka kwenye likeni, kwa sababu viwavi wake hula likeni”

Dai hili nalipenda kuliko yote, maana aliyelibuni alikuwa ameangalia kweli. Likeni ni ule ukoga wa kijivu na kijani unaoganda kwenye magome na mawe, na ni kweli kwamba viwavi wa sehemu kubwa ya akina Lycaena wa Afrika hula vitu vya aina hiyo. Nitarudi huko. Lakini kufanana kwa “likeni” na “Lycaena” kunatokana na masikio yetu ya Kiswahili. Neno likeni limetoka kwenye neno jingine la Kigiriki, leikhen, na Fabricius aliyeandika mwaka 1807 alikuwa na vipepeo wa Ulaya mikononi, ambao viwavi wao hawali likeni.

Wapo pia wanaovuta upande wa pili: kama ni mbwa mwitu, basi lazima kuna ukali fulani. Hapana tena. Jina la kisayansi halilazimiki kumsifu wala kumweleza mwenye nalo. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, zinasema hivyo wazi katika kifungu cha 18: jina halikataliwi kwa sababu eti halimfai anayeitwa.

Kisa cha nyumbani kitasaidia. Watu husema familia ya Papilionidae hujulikana kwa mikia ya mabawa. Kwenye miche ya michungwa na milimau ya Kibaha yupo kiwavi ambaye akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa *Papilio demodocus*, kipepeo mkubwa mweusi na njano, Papilionidae kamili, na mkia hana. Wenye vijimkia wapo kwa akina Lycaena: *Hypolycaena* na *Iolaus* wana vinyuzi vyembamba nyuma ya mabawa, wanavichezesha kama vipapasio ili ndege adhani kichwa kiko huko, adonoe pasipo na uhai. Anayetaka kumtambua Lycaenidae kwa hakika aache mkia na rangi. Aangalie jicho, ambalo ukingo wake umebonyea kidogo pale kipapasio kinapochomoza, na miguu ya mbele ya dume, ambayo vidole vyake vimeungana kuwa kipande kimoja. Kwa lenzi ya mkononi yote mawili huonekana.

“Nimekamata Lycaenidae mmoja”, na makosa mengine ya kalamu

Haya ni mafupi. Lycaenidae ni jina la kundi, na katika Kilatini ni wingi. Umekamata kipepeo wa Lycaenidae, au mmoja wa akina Lycaena. Huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni, bila mlazo. Mlazo ni wa jenasi na spishi, na spishi huanza kwa herufi ndogo: *Lampides boeticus*. Kiishio -idae ni cha familia za wanyama. Ukiona -inae, hiyo ni nusufamilia, kama Polyommatinae. Ukiona -aceae umeingia kwa mimea. Kumwandika mdudu “Lycaenidae, spishi haijatambuliwa” si aibu hata kidogo. Ni uaminifu, na rekodi ya namna hiyo ina thamani kuliko jina la spishi lililobahatishwa.

“Matamshi sahihi ni ya Waingereza”

Mwalimu mmoja aliwahi kumkatiza mwanafunzi mbele ya darasa kwa kusoma li-ka-e-ni-da-e, akamtaka aseme kama wanavyosema kwenye filamu za London. Nilikuwepo, na iliniuma. Hakuna chombo chochote kilichoweka matamshi ya lazima ya majina haya. Mjerumani husoma kwa Kijerumani, Mwitaliano kwa Kiitaliano, Mwingereza kwa Kiingereza. Warumi wenyewe, zama za Kilatini cha kale, walitamka c kama k yetu na ae karibu na ai yetu. Kijana wa Kisarawe aliyesoma herufi moja moja kwa kinywa cha Kiswahili alikuwa karibu na Roma kuliko aliyemsahihisha. Alistahili kuachwa amalize.

“Akina Lycaena wote huishi na mchwa”

Hapa pana makosa mawili yaliyoshikana, na nataka nikae, maana ndipo jina la familia linapogusa shamba la korosho na gome la msitu.

Kosa la kwanza ni la tafsiri. Mchwa wanaojenga vichuguu na kula nguzo za nyumba si wahusika. Kizazi cha mchwa kinakaribiana na mende. Wahusika ni sisimizi na jamaa zao: chungu, siafu, majimoto, ambao ukoo wao uko kwa nyuki na nyigu. Mtu aliyetafsiri kitabu bila kutoka nje aliandika mchwa, na tangu hapo wanafunzi wanatafuta viwavi kwenye vichuguu.

Kosa la pili ni lile neno “wote”. Ni kweli kwamba familia hii ina urafiki na sisimizi usio na mfano miongoni mwa vipepeo. Kiwavi wake ni bapa, kama konokono aliyetolewa gamba. Wengi wana tezi mgongoni karibu na mkia, ambayo hutoa tone la maji matamu sisimizi akiigusa. Sisimizi hunywa, kisha hukaa hapo kama mlinzi, na nyigu wanaotaka kutaga mayai ndani ya kiwavi hufukuzwa. Mwaka 2002 Naomi Pierce na wenzake walikusanya tafiti za dunia nzima wakaonyesha kwamba kati ya spishi ambazo maisha yao yanajulikana, karibu robo tatu zina uhusiano wa namna fulani na sisimizi. Robo tatu ni nyingi, lakini robo inayobaki si ndogo kwa familia yenye spishi zaidi ya 5,000, ya pili kwa ukubwa baada ya Nymphalidae.

Na huo uhusiano wenyewe si urafiki siku zote. Majimoto, ambao kisayansi ni *Oecophylla longinoda*, mkulima wa Kibaha anawajua: hushona majani ya mwembe au mkorosho kwa nyuzi za mabuu wao wakapata kiota, na ole wake anayepanda kuangua embe bila kuangalia. Katika Afrika ya Magharibi na Kati wapo akina Lycaena wa jenasi *Euliphyra* ambao viwavi wao hukaa ndani ya viota hivyo na kunyang’anya chakula wanacholetewa wenyeji. Asia na Australia yupo *Liphyra brassolis*, ambaye kiwavi wake ana ngozi ngumu kama ngao, anaingia kwenye kiota cha majimoto wa huko akala mabuu yao. *Lachnocnema* wa kwetu hana haja na tezi wala ulinzi. Kiwavi wake hula wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, walewale wanaochungwa na sisimizi. Kipepeo mla nyama, ndani ya familia ileile.

Majimoto hao nao wana historia ya heshima katika pwani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti M. J. Way alionyesha Zanzibar kwamba minazi yenye majimoto huokoka na mdudu anayefyonza nazi changa zikaanguka. Mdudu huyo leo anaitwa *Pseudotheraptus wayi*, kwa jina la Way. Ndiye huyohuyo anayesumbua mikorosho, pamoja na mbu wa mikorosho, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wameendelea kuwajaribu majimoto kama walinzi wa mikorosho na miembe. Kwa hiyo mkulima anayepuliza dawa kuwamaliza majimoto anamwondoa mlinzi wake, na anawaondolea ulinzi viwavi waliozoea kuishi kando ya sisimizi.

Ukitaka kuona jambo hili linafika wapi, tazama Uingereza. *Phengaris arion*, mmoja wa akina Lycaena, alitoweka huko mwaka 1979 huku watu wakimlinda kwa kuzungushia uzio maeneo yake. Uzio ulizuia mifugo, nyasi zikarefuka, udongo ukapoa, na sisimizi mmoja tu aliyeweza kumlea kiwavi huyo, *Myrmica sabuleti*, akapungua. Kipepeo akafa na sisimizi wake. Kuanzia 1983 walilazimika kuwaleta wengine kutoka Sweden, safari hii mifugo ikiruhusiwa kulisha.

Sasa ile robo iliyobaki, na hapa narudi kwa yule ndugu wa likeni. Akina Lycaena wa kundi la Liptenini, ambao hupatikana Afrika peke yake, viwavi wao hula likeni, mwani na kuvu wadogo wanaoota juu ya magome. Hawana ile tezi ya maji matamu. Wengi huonekana kwenye miti ambamo sisimizi wa *Crematogaster* wanapita wima kama waya mweusi, lakini hawawalishi. Hao ndio *Teriomima*, *Baliochila* na *Pentila*, vipepeo wa misitu ya pwani, dhaifu wa kuruka, wanaozunguka kijiti kilekile na kurudi palepale. Mti kwao si jani wala tunda. Ni gome, tena gome lililokaa miaka ya kutosha kuota ukoga.

“Jina la kisayansi halibadiliki kamwe”

Hubadilika, kwa utaratibu. Kitabu cha zamani kitakuambia Danaidae na Acraeidae ni familia. Leo wote wamo ndani ya Nymphalidae kama matawi. Riodinidae, ambao Tanzania wana wawakilishi wachache, walikaa muda mrefu kwenye vitabu vingi kama tawi la Lycaenidae, kisha wakatengwa. Liptenini niliowataja utawakuta wameandikwa Lipteninae katika orodha za zamani, na leo wako chini ya Poritiinae. Hakuna aliyedanganya; nasaba imechunguzwa upya. Ukinukuu jina, andika umelitoa kitabu gani na cha mwaka gani.

“Vipepeo wako Amani; Kibaha na Kisarawe hakuna kitu”

Amani ina haki ya sifa zake. Wanakijiji wa huko, Usambara Mashariki, walifuga vipepeo wakauza pupa nje ya nchi, hadi usafirishaji wa wanyamapori hai ulipopigwa marufuku mwaka 2016. Lakini soko la vipepeo hupenda wakubwa wa maonyesho. Akina Lycaena hawafugwi kwa biashara hiyo, kwa hiyo ukipima utajiri wa msitu kwa soko hilo, Kisarawe itaonekana tupu.

Ipime kwa gome. Pugu na Kazimzumbwi, ambayo sasa ni hifadhi moja ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, misitu iliyokatika vipande vidogo kutoka Somalia hadi Msumbiji na yenye viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Msitu wa Ruvu Kusini, ulio kati ya Kibaha na Kisarawe, ni kipande kingine. Vyote viko karibu na matanuri ya mkaa unaochomwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Mchoma mkaa hachagui kipepeo, anachagua mti mnene, na mti mnene ndio wenye gome la miaka. Ukishakatwa, hata kama machipukizi yatajaza nafasi ndani ya misimu michache na msitu ukaonekana kijani kutoka barabarani, kiwavi wa *Baliochila* hana cha kula hapo. Gome la mche ni safi.

Anayejua kwamba Lycaenidae ni bluu ya malishoni hataona hasara yoyote: vipepeo wa bluu wa kwenye kunde na nyasi wataendelea kuruka juu ya kisiki. Anayejua kwamba ni akina Lycaena, wenye matawi ya kunde, matawi ya majimoto na matawi ya likeni, atauliza ni tawi gani limebaki na ni lipi limeondoka.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wa Kibaha na Kisarawe, na kwa vijana wanaotembeza wageni. Treni ya reli mpya inasimama Pugu na Soga, safari si ndefu. Wapelekeni wanafunzi na daftari na lenzi. Wasimamishe mbele ya mti mzee, wasikimbilie rangi. Kila kipepeo mdogo aandikwe tarehe, mahali, mti aliotua, gome lina ukoga au halina, sisimizi wapo au hawapo. Wasipolijua jina la spishi, waandike Lycaenidae, kwa herufi kubwa ya mwanzo, na walitamke wanavyolisoma.